Zahanati Yetu: Hatari Zinapitia Wapi?

Zahanati ni mahali pa kuponea. Mtu anakwenda pale na homa, anarudi mzima. Mama anakwenda na mimba, anarudi na mtoto mgongoni. Kwa hiyo hatupendi kuambiwa kwamba hata zahanati inaweza kumwumiza mtu. Lakini ni kweli, inaweza. Tena siyo zahanati za vijijini tu. Hata hospitali kubwa za mijini, na hata zile za Ulaya na Marekani, zinaumiza watu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 10 wanaotibiwa, mgonjwa 1 hivi hupata madhara kutokana na matibabu yenyewe, siyo kutokana na ugonjwa aliokuja nao. Shirika hilo linasema pia kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Soma tena hapo: yangeweza kuzuiwa. Basi siyo mkosi, na siyo mkono wa mtu. Ni kama zizi lililosahauliwa wazi usiku. Fisi akiingia, hatusemi fisi ana uchawi. Tunauliza nani alikuwa afunge, na kwa nini hakufunga.

Je, nani wanaoumia zaidi? Ni wale wasioweza kujisemea. Mtoto mchanga hawezi kusema, "Nesi, dawa hii siyo yangu." Mzee mwenye macho mabovu hawezi kusoma maandishi madogo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hana nafasi ya kuuliza maswali. Wako pia viziwi, wagonjwa wa akili, na watu waliotoka mbali ambao Kiswahili hakijawakaa vizuri. Na hao ndio hasa wanaotegemea zahanati ya kijiji, kwa sababu nauli ya kwenda kwingine hawana.

Watoto wa Kapoeta

Nitaeleza jambo moja lililotokea kwa jirani zetu wa Sudan Kusini. Ni jambo la kusikitisha, lakini lina mafunzo mengi.

Mwezi wa Mei mwaka 2017 kulikuwa na kampeni ya kuchanja watoto dhidi ya surua. Timu moja ilifika katika kijiji cha sehemu za Kapoeta, kusini mashariki mwa nchi ile. Ikachanja watu kama 300 kwa muda wa siku 4. Baada ya hapo watoto 15 walifariki, wote wakiwa chini ya miaka 5. Wengine 32 walipata homa, kutapika na kuharisha, lakini walipona.

Kumbe ilikuwaje? Chanjo ya surua inakuja ikiwa ungaunga ndani ya kichupa. Kabla ya kuchanja, mchanjaji anavuta maji yake maalumu kwa bomba la sindano na kuyachanganya na ule unga. Kila kichupa kinataka bomba lake jipya la kuchanganyia. Ikishachanganywa, chanjo hiyo haina kitu cha kuua vijidudu ndani yake. Kwa hiyo lazima ikae kwenye baridi, na ikipita saa 6 lazima itupwe, hata kama imebaki nusu kichupa. Kijidudu kimoja kikiingia humo na kupata joto, kinazaana upesi kama inzi kwenye maziwa yaliyoachwa wazi.

Waliochunguza walikuta kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa vichupa vingi, kwa siku zote 4. Walikuta pia kwamba chanjo iliwekwa siku kadhaa katika nyumba isiyokuwa na kitu cha kutunza baridi. Na watu waliofanya kazi ile hawakuwa wamefundishwa.

Hebu tuhesabu. Bomba moja, kosa. Joto, kosa la pili. Watu wasiofundishwa, kosa la tatu. Na kukosekana kwa msimamizi wa kuyaona hayo siku ya kwanza, hilo la nne. Ajali nyingi za matibabu ziko hivyo. Haziletwi na kosa moja kubwa. Makosa madogo yanapangana mstari, na hakuna anayesimama katikati na kusema, "Ngoja kwanza." Mimi siamini kwamba watu wale walikuwa na roho mbaya. Nadhani walikuwa na haraka, vifaa vichache na hawakujua. Ni mambo ambayo hata huku kwetu yapo.

Asitokee mtu akasema, "Basi chanjo inaua, mwanangu sipeleki." Hapana. Chanjo ya surua yenyewe ilikuwa nzuri. Kilichoua ni namna ilivyoshikwa. Surua inaua watoto hadi leo, hasa wale wasiochanjwa. Tunachotaka ni chanjo ile ile, ishikwe kwa mikono safi na itunzwe kwenye baridi.

Kazi ya mtu aliyejua kusoma

Hapa ndipo wewe uliyemaliza darasa la kisomo unapoingia. Usidhani mambo haya ni ya madaktari peke yao. Kila zahanati ya Serikali inapaswa kuwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wajumbe kutoka kwa wananchi. Mara nyingi wajumbe hao huitwa siku ya kupokea mgeni au siku ya kuchimba choo, basi. Lakini mjumbe anayejua kusoma namba anaweza kufanya kazi kubwa kuliko kuchimba choo.

Mfano ni friji la chanjo. Juu ya friji au ukutani kuna karatasi ya kuandikia joto. Joto linasomwa mara 2 kila siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili na hata siku ya Idi. Linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Mjumbe anaweza kumwomba mganga amwonyeshe karatasi hiyo. Haihitaji masomo ya udaktari kuona kwamba juzi jioni paliandikwa 13, au kwamba siku 3 hazikuandikwa kitu.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nawaambia wajumbe, nao hucheka. Ukikuta karatasi ya mwezi mzima imeandikwa 5, 5, 5, 5 kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, uliza. Friji la kweli halikai hivyo. Siku ya jua kali hupanda kidogo, usiku hushuka. Karatasi ya namna hiyo pengine imejazwa siku moja, chini ya mwembe, msimamizi wa wilaya akiwa njiani.

Wengine wanadhani baridi ikizidi ndiyo vizuri zaidi. Sivyo. Kuna chanjo zinazoharibika zikiganda. Mojawapo ni chanjo ya pepopunda, ile wanayochomwa akina mama wajawazito. Ikiganda na kuyeyuka, kwa macho utaiona ni chanjo bado, lakini nguvu yake imepotea. Kwa hiyo ukiona namba iko chini ya 2, hiyo nayo ni habari ya kuuliza.

Juu ya vichupa vingi vya chanjo pia kuna alama ndogo. Ni duara, na ndani yake mna mraba. Chanjo ikiwa mpya, ule mraba ni mweupe kuliko duara. Kadiri chanjo inavyopigwa na joto ndivyo mraba unavyokuwa mweusi. Mraba ukishafanana na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo isitumike tena. Alama hii ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio, kisha ikaenea kwenye nyingine. Mimi naipenda sana, kwa sababu hata asiyejua kusoma anaweza kuielewa.

Friji hilo halitunzi chanjo tu. Mnawekwa pia dawa ya sindano anayochomwa mama akishajifungua ili damu isiendelee kutoka. Dawa hiyo nayo inaharibiwa na joto. Basi fikiri: mtungi wa gesi umekwisha tangu wiki nyingi zilizopita na hakuna aliyesema. Usiku mmoja mama anajifungua, damu inatoka kwa wingi. Nesi anachoma sindano kama alivyofundishwa, lakini damu haikomi, kwa sababu dawa imepoteza nguvu kwa joto. Nesi amefanya sawa, na mama yuko katika hatari ya kufa. Kosa lilifanyika siku ile gesi ilipokwisha.

Kwa hiyo kila zahanati iwe na mpango ulioandikwa kabla ya shida: friji likizima, chanjo na dawa hizo zitawekwa katika kasha gani la baridi, zitapelekwa kituo gani cha jirani, na pikipiki ni ya nani. Siku hizi zahanati nyingi zina friji la umeme wa jua, na hilo limepunguza taabu ya gesi. Lakini nalo hushindwa, kwa hiyo mpango bado unatakiwa.

Bibi na vibahasha viwili

Sasa tuje kwenye dirisha la dawa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tunapoumizana mara nyingi zaidi bila kujua. Tuchukue mfano wa bibi mmoja aliyefika na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu amechemka usiku kucha. Na mimi vidonge vyangu vya presha vimekwisha."

Nesi anampima mtoto, anakuta ana malaria. Anampima uzito, kilo 11. Anampa dawa mseto: kidonge 1 sasa, kingine baada ya saa 8, kisha kidonge 1 asubuhi na 1 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Jumla vidonge 6. Bibi naye anapewa vidonge vya presha, kimoja kila siku. Foleni ni ndefu. Nesi anatoa vibahasha viwili na kusema, "Hiki cha mtoto, hiki chako. Umeelewa, bibi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Haya, anayefuata!"

Bibi anafunga vibahasha vyote viwili katika pindo la khanga. Jioni, kwa mwanga wa kibatari, anavifungua. Kipi cha nani? Kwa nje vibahasha vyote vinafanana. Dawa ya presha ikiingia tumboni mwa mtoto mdogo inaweza kushusha msukumo wa damu yake mpaka afe.

Je, mkosaji ni bibi? Ni nesi? Wengi watajibu upesi upesi. Mimi nasema mkosaji ni lile swali, "Umeelewa?" Katika mila zetu mtu mwenye heshima hawezi kumjibu mganga, "Sikuelewa." Ataona haya. Ataogopa kuonekana mjinga mbele ya foleni. Kwa hiyo jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, na "ndiyo" hiyo haina maana yoyote.

Dawa yake ni rahisi, tena haina gharama. Nesi aseme hivi: "Bibi, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mjukuu utampaje dawa?"

"Nitampa kimoja asubuhi na kimoja jioni."

"Na leo?"

"Leo nimpe... mpaka kesho asubuhi?"

"Hapana, bibi. Hiki kimoja anakunywa hapa hapa. Kingine baada ya saa 8. Sasa ni saa 3 asubuhi, kwa hiyo ni saa 11 jioni, jua likiwa bado."

"Ahaa! Jua likiwa bado. Kesho ndiyo asubuhi na jioni."

Umeona? Imechukua dakika moja, na kosa limekamatwa hapo hapo dirishani kabla halijafika nyumbani. Juu ya kibahasha nesi aandike jina la mtoto na kuchora: jua kwa asubuhi, mwezi kwa jioni. Kwa bibi achore jua peke yake.

Na kama nesi hakukuuliza, wewe mgonjwa rudia mwenyewe. Sema, "Ngoja daktari, nirudie nione kama nimeshika." Hakuna mganga mzuri atakayekasirika.

Soma pia pakiti. Dawa nyingi zina maandishi ya Kiingereza, lakini unahitaji herufi chache tu. Tafuta EXP. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiandikwa EXP 03 2027, maana yake dawa inatumika mpaka mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 2027. Usichanganye na MFG, ambayo ni tarehe ya kutengenezwa. Ukikuta tarehe imepita, irudishe dirishani kwa adabu na uombe nyingine.

Kuhusu sindano nitasema kwa ufupi, maana wengi mnajua. Bomba moja na sindano moja ni kwa mtu mmoja, mara moja tu. Ikishatumika inaingia moja kwa moja katika boksi gumu, wala isirudishiwe kifuniko chake. Boksi likifika robo tatu lifungwe, lisisubiri kufurika. Na shimo la taka la zahanati liwe na uzio. Watoto wanapenda mabomba ya sindano kuchezea maji. Kama uzio umeanguka, hiyo ni kazi ya kijiji, tusingoje wilaya.

Daftari la makosa

Sasa nafika kwenye jambo lenye ubishi. Nesi amekosea. Ametoa dawa ya mtu mwingine, akagundua, akamkimbiza mgonjwa njiani na kumbadilishia. Hakuna aliyeumia. Je, aseme au anyamaze?

Katika vijiji vingi akisema, habari itafika kilabuni kabla ya jua kuzama. Mkutano utaitwa. "Aondolewe! Anataka kutuua!" Nesi ataondoka, na pengine zahanati itakaa miezi bila mtu. Atakuja mwingine, naye atakuwa amesikia habari za mwenzake. Huyo akikosea atanyamaza kimya. Hapo tumepata nini? Tumefundisha watumishi wetu kuficha.

Njia bora ni kuwa na daftari. Lisiwe daftari la kushtaki watu. Liandikwe tarehe, kilichotokea, kwa nini kilitokea, na kitabadilishwa nini. Hata lile lililokaribia kutokea liandikwe. Pengine itaonekana kwamba dawa mbili zenye pakiti zinazofanana zimewekwa rafu moja. Basi zitenganishwe. Pengine ni kwamba siku ya gulio nesi yuko peke yake na wagonjwa ni wengi mno. Basi halmashauri iombwe kuongeza mtu siku hiyo. Kamati isome daftari hilo kila mwezi pamoja na mganga, bila kutaja majina ya wagonjwa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Mjumbe atakayetoka na kutangaza kwamba fulani anatumia dawa fulani, huyo ndiye wa kuondolewa.

Na mgonjwa akiumia kweli, jamaa zake waambiwe ukweli siku ile ile. Waambiwe na mganga mwenyewe, wakiwa wameketi, siyo wasikie barabarani. Watu wanaweza kusamehe kosa. Kudanganywa hawasamehi kwa urahisi.

Sisemi kila kitu kiitwe bahati mbaya. Anayeuza dawa za zahanati dukani kwake, anayekuja kazini amelewa, anayedai fedha kwa mama mwenye uchungu, hao hawakukosea. Hao wametenda kosa la sheria, na kamati iwapeleke panapohusika. Lazima tujue kutofautisha mambo haya mawili. Tukiyachanganya, mwizi atajificha nyuma ya aliyekosea, na aliyekosea ataadhibiwa kama mwizi.

Msaada uko wapi?

Zahanati haiko peke yake. Timu ya afya ya halmashauri inapaswa kuitembelea, kukagua na kufundisha. Wakija, kamati iwepo, na daftari liwe mezani. Mwaka 2015 Serikali ilianza pia kuvipima vituo vya afya na zahanati kwa nyota, kuanzia 0 hadi 5. Katika upimaji ule wa kwanza, karibu theluthi moja ya vituo havikupata nyota hata moja. Vilipopimwa tena miaka michache baadaye, vya sifuri vilikuwa vimepungua sana. Kwa hiyo uliza: zahanati yetu ina nyota ngapi, na ilipungukiwa wapi?

Fedha nazo. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, kuna fedha zinazokwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kuzunguka wilayani kwanza. Kamati inashiriki kupanga matumizi yake. Ndoo ya kunawia yenye bomba, sabuni, taa ya chumba cha kujifungulia, maboksi ya sindano, vyote hivyo vinaweza kuandikwa katika mpango. Kisichoandikwa hakinunuliwi.

Mwisho ni habari ya rufaa. Zahanati siyo hospitali, na hatari mojawapo kubwa ni kuchelewa kumpeleka mtu mbele. Kwa wajawazito, kwa mama waliojifungua na kwa watoto wachanga upo mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Unapiga 115, na simu hiyo ni bure. Wanatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa karibu aliyesajiliwa, naye halipwi na mgonjwa. Lakini mvua za masika zikikata barabara hakuna gari litakalofika. Kila kijiji kinajua ni korongo lipi linalojaa kwanza. Kwa hiyo mkutano wa kabla ya mvua upange nani watabeba machela mpaka ng'ambo, na gari lingoje wapi. Majina yao na namba zao za simu, pamoja na ile 115, yaandikwe kwa rangi na kwa herufi kubwa kwenye mlango wa zahanati, upande wa nje, ili mtu asome kwa kurunzi hata kama mlango umefungwa.